Kikao Juu ya Tumbo Langu

Mimi nilikaa jikoni, wao walikaa sebuleni, na kikao kilikuwa juu ya tumbo langu. Sijui kama umewahi kuona upuuzi wa namna hiyo. Watu wazima wamejipanga kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, wanakunywa chai ya maziwa, wanajadili kama mimba yangu ipimwe au isipimwe, na mwenye mimba yuko ng'ambo ya ua anamenya ndizi. Tena sikufukuzwa. Niliwekwa huko kwa heshima. Huku kwetu Rungwe mke hamwoni baba wa mumewe, wala baba mkwe hamwoni mke wa mwanawe. Wanaita ukutila, yaani kuogopa, na ukiwauliza watakwambia ni jambo zuri sana.

Miaka sita nilikuwa mke wa Ackson na sikuwahi kuiona sura ya baba yake. Mzee Ambindwile nilimjua kwa mabuti yake ya mvua, moja lina kiraka chekundu kisiginoni. Nilimjua kwa kikohozi. Nikikisikia kikohozi hicho njiani Lufingo, kijijini kwao, naruka kwenye shamba la chai la watu na ndoo yangu kichwani, napiga magoti humo mpaka mabuti yapite. Mimi! Mimi mwenye saluni yangu Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya Tukuyu, ninayewanyoosha nywele wake za wakubwa na kuwaambia wakae kimya kama hawataki kuungua masikio. Lakini niliruka, kwa sababu niliambiwa ndiyo adabu.

Sasa nikwambie kwa nini kulikuwa na kikao. Miaka mitatu nyuma nilimzaa Lusungu. Uso mzuri, mikono mizuri, nywele tele, na chini ya kiuno, kwa nyuma, pako wazi. Kidonda kimefunikwa na utando mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai. Mgongo wazi, wakasema. Hakuna aliyekuwa ametegemea, basi ndiyo kwanza likaanza kutafutwa gari, ikatafutwa barua, akatafutwa mtu wa kusaini barua. Tulipofika Mbeya kwa daktari wa upasuaji ilikuwa siku ya nne na maambukizi yalishaingia. Lusungu aliishi siku kumi na moja.

Daktari yule ni mama mtu mzima, mkali, haongei mara mbili. Aliniambia, "Mama, huyu tungempata siku ya kwanza tungekuwa tunaongea mengine. Haya ni maumbile, hayana mwenye kosa. Ukitaka mimba nyingine, anza na vidonge vya foliki kabla hujabeba. Ukifika wiki ya ishirini njoo nikupige ultrasaundi, niuhesabu mgongo wa mtoto pingili kwa pingili. Nikikuta kasoro utajifungulia hapa hapa, na sisi tuko tayari." Maneno hayo niliyakariri kuliko sala.

Lakini wakwe zangu walikuwa na udaktari wao. Wao walimpata mwenye kosa kabla hata mchanga wa kaburi haujakauka. "Kwetu halijawahi kutokea jambo kama hili," alisema mama mkwe. Alisema makaburini, akarudia matangani, akaja kurudia saluni kwangu mbele ya wateja. Basi ikawa uchafu umetoka kwetu Kiwira. Nikanyweshwa dawa chungu siku saba, dawa ya kutoa uchafu, nikatapika mpaka nyongo. Mama yangu, mjane wa watu, akaburuta mtamba wake mwekundu, ng'ombe wa pekee aliyekuwa naye, mpaka Lufingo kuomba radhi. Wakampokea! Mtamba wakamfunga zizini bila hata kuona haya. Na tangu wiki ile hakuna aliyeniita tena Mama Lusungu. Nikarudi kuwa Esnath, kama binti aliyekuja kuwatembelea.

Unauliza Ackson alikuwa wapi? Alikuwepo. Ackson huwa yupo. Ni mwalimu wa hesabu, anawapigia kelele watoto sitini darasani, lakini mbele ya baba yake sauti inaishia kooni na macho yanaishia kwenye viatu. Nilimwoa huyo, maana kusema alinioa mimi ni kumpa sifa asizostahili.

Haya. Nimebeba tena, wiki ya kumi na tisa. Naenda Mbeya, daktari ananikumbuka, ananiandikia karatasi: arudi wiki ijayo, aje na mume, wote wawili waulizwe habari za ukoo. Nafika nyumbani Msasani, Msasani ya hapa hapa Tukuyu, nampa Ackson karatasi. Anaisoma mbele, anaigeuza nyuma ambako hakuna kitu, anasema, "Ngoja kwanza nimwambie baba."

"Baba yako ndiye mwenye mimba?"

"Siyo hivyo, Esnath. Ni utaratibu."

Utaratibu! Jirani yangu Suad, fundi cherehani, aliposikia alicheka mpaka akatoboa kidole. "Shoga, tumbo lako, kikao chao, na kiti hupewi?" Nikamwambia hata mlango sipewi.

Nisijifanye jasiri lakini. Mimi pia niliogopa. Usije ukafikiri mtu aliyezika mtoto anakwenda kwenye ile mashine kama anakwenda harusini. Nilijiambia, ukimwona na kidonda kile, Esnath, utambeba miezi minne mingine ukijua, utapika ukijua, utasuka watu ukijua. Kutojua kuna usingizi wake mzuri. Lakini nilikuwa nimeshaulala usingizi huo mara moja, miezi tisa kamili, na nilipoamka sikuwa na mtoto. Kwa hiyo nilitaka kujua. Nilitaka mtoto huyu akikutwa na hali ile ile, akute na mtu amenawa mikono anamsubiri. Hilo tu. Na hilo ndilo lililopelekwa Lufingo kujadiliwa juu ya vitambaa vya kufuma.

Nyumba yao haina dari, kwa hiyo jikoni nilisikia kila kitu. Sebuleni alikuwepo mzee Ambindwile, mdogo wake Abrahamu, mama mkwe, mwinjilisti Hosea, na Ackson kwenye stuli. Kati yangu na wao alikuwa akitembea wifi yangu Anyosisye, kajitanda kanga kichwani kwa ajili ya mvua, maana maneno yangu hayaruhusiwi kuingia sebuleni kwa miguu yao wenyewe.

Alianza mwinjilisti. "Kupima mimba," alisema kwa ile sauti yake ya mazishini, "ni kumchungulia Mungu angali anapika." Wakaguna kwa kupendezwa. Nikamwambia Anyosisye, "Nenda kamwulize hiyo miwani anayosomea Biblia aliipata kwa kufumba macho, au kuna mtu aliyapima?" Akavuka ua. Nikategea sikio. Nikamsikia anasema kwa Kinyakyusa chake cha unyenyekevu, "Mkamwana anasema ndaga fijo." Asante sana! Mimi, mkamwana wao, nimesema asante sana!

Akafuata Abrahamu, ambaye aliishi Dar miezi minane na hajatusamehe kwa hilo. "Hizi mashine ninazijua mimi. Zinatafuta walemavu. Wakikuta kasoro, wanamwambia mama atoe. Ndiyo kazi yake." Nikamtuma wifi: "Waambie sitoi mtoto wa mtu. Nataka kujua nikamzalie wapi, basi." Akavuka ua. "Mkamwana anasema ndaga fijo, amewasikia wazazi."

Aliporudi nikamshika mkono. "Wifi, hivyo ndivyo nilivyokutuma?"

"Wifi yangu, nisamehe," alisema, mvua inamtiririka puani. "Nikiyapeleka yalivyo, hasira zote zitaniishia mimi. Wewe una saluni, mimi naishi hapa."

Nikamwachia. Huyo angalau alisema ukweli wake.

Halafu mama mkwe. "Mimi nimezaa tisa," alisema, "na sikupimwa hata mmoja." Tisa? Mimi ninaowajua ni saba, pamoja na Ackson na Anyosisye. Nikadhani ni hesabu za uzee, nikaendelea kumenya ndizi.

Mwisho kikasikika kile kikohozi. Vikombe vikatulia. "Basi," alisema mzee Ambindwile. "Hakuna cha Mbeya. Atazaa kama wenzake wanavyozaa. Ackson?"

Nikaacha kisu hewani. Nilimngoja mume wangu. Wallahi, kama asemavyo Suad, nilimpa muda wa kutosha mtu kufunga kamba za viatu viwili.

"Ndiyo, baba," alisema Ackson.

Nikanawa mikono. Utomvu wa ndizi hautoki kwa maji, nikaifuta kwenye gauni, nikavuka ua ule kwenye mvua, taratibu, bila kanga kichwani. Anyosisye alinifuata akininong'oneza, wifi, wifi, wifi usifanye hivyo. Nikasukuma mlango nikaingia sebuleni.

Nikamtazama mzee usoni. Miaka sita ya mabuti, na sasa uso. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kutisha. Nikakuta kizee kidogo, kikombe mkononi, mdomo wazi, na paji la uso la Lusungu. Lile lile, pana, lenye kibonde katikati. Siku kumi na moja nililibusu paji hilo. Nikaushika mwimo wa mlango.

Lakini yeye ndiye aliyeruka. Alijifunika koti usoni akapita mlango wa mbele na soksi zake, mabuti kayaacha kizingitini. Abrahamu naye, maana kwa mila yao baba mdogo ni baba mkwe pia, akatoka nyuma yake na kikombe cha chai mkononi, akimwaga. Wanaume wawili, mmoja mzee wa kanisa, mwingine mjuzi wa Dar, wanamkimbia mwanamke mwenye mimba! Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningelielewa zamani kama ningekuwa na akili. Si mimi peke yangu niliyetakiwa kukimbia. Miaka sita nimejitupa kwenye chai ya watu, kumbe ningesimama tu katikati ya njia, angejitupa yeye.

"Yesu wangu! Esnath, umetuua!" Mama mkwe kashika kichwa. "Utalipa ng'ombe! Utalipa!"

Nikakaa kwenye kochi la mzee. Lilikuwa bado na joto. "Kikao kiendelee," nikasema. "Mwenye tumbo ameingia. Wenye kikao wakitaka kurudi ndani, warudi, mimi siondoki. Nitakaa hapa mpaka Ackson achukue koti lake tuondoke kwenda kujiandaa na safari ya Mbeya. Kama hachukui, mzee wenu atalala nje."

Mwinjilisti alifungua Biblia, akaifunga. Ackson akainamia viatu. Nami kwa ujeuri nikajimiminia chai, nikanywa. Ilikuwa nzito, tamu, imejaa maziwa. Nikachungulia dirishani, nikaona zizi, na ndani ya zizi ng'ombe mwekundu ana ndama pembeni. Nilikuwa nakunywa maziwa ya mtamba wa mama yangu. Nikakitua kikombe.

Ndipo tukasikia sauti nje, nyuma ya ukuta, upande wa migomba. Mzee Ambindwile alikuwa amesimama kwenye mvua na soksi zake, ametupa mgongo, anaongea na mgomba.

"Mgomba, nisikie wewe," alisema. "Wanaokwenda Mbeya wakiulizwa habari za ukoo, wasidanganye. Waseme wako wawili. Wa kwanza aliishi wiki moja. Wa pili ni Andongwisye, aliishi miaka minne, hakusimama hata siku moja. Migongo yao ilikuwa wazi kama ya yule mdogo. Wako hapa, chini yako. Mimi nimesema, mgomba." Akakohoa, akaondoka zake kuelekea kwa jirani.

Nikamgeukia mama mkwe. Kanga ilikuwa mdomoni. Tisa, alikuwa amesema, na ilikuwa kweli tisa.

"Mama," nikasema, "na yule mtamba?"

Akaanza kukusanya vikombe. Mwanamke aliyezika wawili kwenye migomba yake alisimama kwenye kaburi la mwanangu akasema kwao halijawahi kutokea. Alimtazama mama yangu akiburuta ng'ombe. Alinishikia kikombe cha dawa mpaka nikamaliza. Dharau ilinipanda mpaka mate yakawa machungu. Na usiniambie mzee alikuwa na moyo kwa sababu alisema. Moyo gani? Alisubiri miaka mitatu, akasubiri na mvua, halafu akaungama kwa mgomba.

Ackson akasimama, akachukua koti.

Njia nzima ya kurudi Msasani hakusema neno, na unajua nini, nilimwonea huruma. Mimi na ujinga wangu! Nikasema moyoni, maskini, naye ameyasikia leo, nduguze wamefichwa chini ya migomba. Usiku nikampikia maharage ya nazi anayoyapenda. Alfajiri ya siku ya miadi nikampigia pasi shati.

Mbeya tulipokelewa na nesi kijana mwenye fomu. Chumba kina kitanda, mashine, na pazia la kijani. Akauliza umri wangu, akauliza mimba za nyuma, akauliza kama nilimeza foliki. Nilimeza, kila siku, kwa kujificha. Kisha akauliza, "Kwenye ukoo wa mama au wa baba, kuna mtoto mwingine aliyezaliwa na mgongo wazi?"

"Upande wangu hakuna," nikasema. "Upande wa mume wangu wawili."

Nesi akaandika. "Mliwaona wenyewe, au mmesimuliwa?"

"Tumesimuliwa," nikasema. "Juzi."

Ackson akakohoa. Kikohozi cha baba yake kabisa. "Mmoja nilimwona," alisema akiviangalia viatu vyake. "Andongwisye. Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nambeba mgongoni kwenda kuota jua."

Nesi akaandika na hilo pia. Yeye kwake ilikuwa ni fomu.

Mimi sikupiga kelele. Nilidhani nitapiga, nilidhani nitamrarua, lakini nilimtazama tu mume wangu na shati nililolipigia pasi, nikaona hakuna mtu wa kupigia kelele pale. Alijua nilipokuwa natapika nyongo. Alijua wakati mama yangu anapita na kamba ya ng'ombe mkononi. Alimwona Lusungu mgongo ule siku ya kwanza, akajua ni nini kabla daktari hajajua, na akaangalia viatu.

"Toka," nikamwambia. "Kaa nyuma ya pazia."

"Esnath..."

"Nikiwa na neno nitamtuma mtu."

Akatoka. Pazia likafungwa. Chini yake niliona viatu vyake vimesimama pamoja, vimepigwa rangi vizuri.

Daktari akaingia, yule mama mkali, akanimwagia ile dawa ya baridi tumboni. "Tazama hapa," alisema. Nikatazama. Kichwa, mkono, moyo unapiga haraka haraka. Akaanza kuhesabu mgongo kwa sauti ya chini, kidole kikishuka kwenye kioo, pingili kwa pingili, vidoa vyeupe viwili viwili vimejipanga. Alishuka, akashuka, akafika chini. Akarudi juu kidogo, akashuka tena. Mimi nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Hapa pameachia," alisema. "Padogo, chini kuliko pa yule wa kwanza. Nakwambia ukweli maana wewe ulikuja kuutaka."

Machozi yalinitoka, yakaingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali. Nesi akanipa kitambaa.

"Atakufa?"

"Wa kwanza alifika siku ya nne. Huyu hatasafiri popote. Wiki ya thelathini na saba unahamia Mbeya, tunakuzalisha sisi kwa upasuaji, na kabla siku mbili hazijaisha tunamfunga mgongo. Kutembea kwake siwezi kukuahidi, na upasuaji ni upasuaji. Lakini safari hii ninajua anakuja." Akaigeuza mashine kidogo. "Na tazama mguu huo."

Mguu ulirusha teke. Dogo, la haraka, la mtu mwenye hasira. Nikacheka na machozi yangu. Huyo ni wangu, nikasema, huyo hatokani na watu wa Lufingo.

Nyuma ya pazia viatu vilisogea. "Esnath?" Sauti ilikuwa ya mtoto aliyeachwa nje. "Anasemaje? Esnath? Daktari anasemaje?"

Nesi alinitazama, kitambaa mkononi, akisubiri nimwambie apeleke neno gani.

"Mwambie," nikasema, "mkamwana anasema ndaga fijo."